Mraba wa Tano Mgongoni mwa Dada

Watu wa ukoo wangu husema nina ulimi mkali, na sikatai. Lakini kuna jambo moja ambalo nimelifungia mdomo kwa miaka mingi, na walionijua zamani watashangaa kwamba mimi nami nilikuwa na cha kuficha. Ni habari ya shingo ya dada yangu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, na nilifanya kazi katika hospitali ndogo ya misheni upande wetu wa ziwa Mweru, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kijiji cha Nchelenge. Nilifua bendeji, nilichemsha sindano, niliwageuza wagonjwa vitandani. Dada yangu, aliyenizidi miaka sita, alikaa Nchelenge, karibu kabisa na maji, katika nyumba aliyojengewa na mumewe. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu ndiye angesimamia mambo yetu, alikuwa migodini huko kusini na hakuwa mtu wa kujibu barua. Tulibaki sisi wawili. Kwa kuwa mama yetu alitoka ng'ambo, upande wa Kongo, tulikua tukisema Kiswahili cha kwao tukiwa nyumbani, na Kibemba tukitoka nje kama kila mtu.

Shemeji yangu naye alikuwa mtu wa ng'ambo. Alinunua samaki wakavu katika vijiji vya Mununga na Chienge, akawavusha kwa mtumbwi kwenda kuwauza kwao. Kazi hiyo inanuka, na yeye alikuwa mtu wa kujipenda, basi alijipaka marashi. Si kidogo. Alikuwa na kichupa kutoka Elisabethville, mji mkubwa wa huko Kongo, na kila asubuhi alijimwagia shingoni, viganjani na kwenye kola ya shati. Nilimtania kwamba samaki wake wangefaa kuuzwa kwenye harusi. Harufu ile ilikuwa tamu na nzito, yenye kitu kama karafuu ndani yake. Ilitangulia mlangoni, yeye akafuata, na ilikaa chumbani muda mrefu baada ya yeye kutoka.

Alikufa kwa homa mwishoni mwa mvua. Siku nne tu, na kijana mzima. Ndugu zake walivuka ziwa, tukamzika, na siku ya kufua nguo wakazitoa zote nyumbani, wakazifua ufukoni, wakagawana. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: nguo za marehemu huenda kwa ndugu zake, na mjane hapewi hata leso. Mjane hufungwa kitambaa cheusi kichwani, haogi kwa sabuni, hapaki mafuta, na marashi ndiyo kabisa. Hukaa hivyo mpaka ndugu za mume warudi kuondoa kifo mwilini mwake. Watu waliamini kwamba kifo cha mume humng'ang'ania mke, na kwamba anayeweza kukitoa ni mrithi wa marehemu peke yake, kwa kulala naye kama mume. Baada ya hapo mara nyingi humchukua moja kwa moja. Wamisheni walilipinga jambo hilo, nasi tuliimba kanisani na wamisheni, kisha tukarudi nyumbani kufanya tulichokizoea.

Mwezi wa Juni, ukungu ulipoanza kukaa ziwani mpaka saa nne asubuhi, nilikwenda kumwona dada. Nilimkuta amekaa kizingitini, amejizungushia kitenge shingoni kana kwamba ana baridi. Nilimwambia akitoe. Alikataa, nikakivuta mwenyewe.

Ngozi ilikuwa imevimba. Chini ya sikio la kushoto ulianza ukanda mpana wa vipele, mweusi zaidi ya ngozi yake, unaotoa majimaji, ukazunguka nyuma ya shingo na kushuka kwenye bega la kulia. Hapo begani ulikatika, na baada yake kulikuwa na mistari minne, sambamba, kila mmoja wa upana wa kidole. Nimeona ukurutu mwingi hospitalini. Hukaa ovyo ovyo, popote unapopenda. Huu ulikuwa umekaa kwa mpango. Mtu anayelala nyuma ya mke wake, mkono umempitia shingoni na vidole vimetulia begani, angeacha alama kama ile. Nililiona jambo hilo mara moja na nikamshukuru Mungu kwamba dada hawezi kujiona nyuma ya shingo.

Niliingia ndani kumtafutia maji. Jua lilikuwa limeshatoka, mlango uko wazi, kuku wanaingia na kutoka. Hatua ya tatu nikasikia harufu yake. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kukaa miezi mitatu kaburini, na harufu yake ilikuwa mle chumbani, mbichi, kama ya mtu aliyetoka kujimwagia sasa hivi. Nilifungua mdomo kumsalimu, kwa mazoea tu. Kisha nikakumbuka, nikatoka bila maji.

Dada alikuwa ananitazama.

"Umemusikia na weye," akasema.

"Nimesikia moshi ya samaki, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa. "Ni ile tu."

Nilimdanganya, na alijua.

Siri haikai kwenye kijiji cha wavuvi, maana kila mtu anapita mlangoni kwa kila mtu akienda majini. Juma moja baadaye mama mkwe wa dada alivuka, pamoja na mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyechaguliwa kuwa mrithi. Mama yule hakuwa mbaya, na nasema hivyo kwa sababu hadithi za namna hii hupenda mama mkwe mbaya. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyefiwa na mwanawe wa kwanza. Aliitazama shingo ya dada kwa muda mrefu. Kisha akaingia chumbani peke yake, na tulipomfuata tulimkuta ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, machozi yanamtoka bila sauti. Alikuwa anavuta pumzi taratibu, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari.

"Mutoto yangu angali humu," akasema. "Hajaenda. Anamushika muke yake."

Mdogo mtu alisimama mlangoni, akatazama miguu yake. Alikuwa kijana mpole, tena nadhani na yeye aliogopa.

Jioni ile uamuzi ulitolewa. Siku ya Jumamosi mrithi angeingia katika nyumba ya dada na kuondoa kifo, kisha wangevuka naye.  Dada alinisindikiza mpaka njiani, akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia.

"Siwezi kulala na mudogo wake," akasema. "Nilimulisha yule mutoto na mukono yangu wakati alikuja hapa mara ya kwanza. Wakinilazimisha nitaingia mu maji."

Dada yangu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Alikuwa anajua kuogelea vizuri kuliko wanaume wengi, na kwa hiyo alijua pia jinsi ya kutoogelea. Sikulala vizuri siku nyingi baada ya maneno yale.

Nilirudi kwa mama mkwe asubuhi, nikapiga magoti, nikamwomba juma moja. Nilimwambia daktari wetu anajua magonjwa ya ngozi kuliko kitu chochote, na hilo lilikuwa kweli. Alifikiri.

"Bon," akasema, kwa Kifaransa wanachochanganya watu wa ng'ambo, yaani haya. "Mupeleke kwa ule munganga yenu. Kama ni bugonjwa, tutamufunga bushanga nyeupe ku mukono, tutarudia kwetu na amani. Lakini kama haina bugonjwa, musinirudilie na maneno ingine."

Ushanga mweupe ilikuwa njia ya pili, iliyofuatwa mara chache: mjane hufungwa shanga mkononi na kuambiwa yuko huru, bila kulala na mtu. Sasa kila kitu kilikuwa juu ya shingo ile, na nilijisifu kimoyomoyo kwamba nimeshinda nusu ya vita.

Daktari alikuwa mzungu mzee mwenye mikono mikubwa, aliyetibu magonjwa ya ngozi kwao kabla ya kuja kwetu. Alimtazama dada, akamuuliza anatumia nini. Nilimtafsiria: hatumii kitu, ni mjane. Sabuni? Ya kufulia tu. Mafuta? Hapana. Marashi? Dada akatikisa kichwa, akatazama dirishani. Basi daktari akaniambia kwamba ngozi inaweza kukubali kitu miaka na miaka, halafu siku moja ikakikataa, na ikishakikataa haisahau tena. Njia ya kujua ni kuiuliza yenyewe.

Alikata vitambaa sita, kila kimoja kiasi cha stempu. Cha kwanza alikilowesha maji matupu, ili tujue ngozi haidanganyi. Cha pili sabuni aliyokuwa akifulia dada. Cha tatu kipande cha kile kitambaa cheusi cha kichwani. Cha nne chumvi na masizi ya kukaushia samaki. Cha sita mafuta ya dawa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimempaka juma lililopita. Kwa ajili ya cha tano alifungua kichupa kidogo kilichokuwa na utomvu mzito wa rangi ya kahawia, unaotoka kwenye mti wa nchi za mbali. Alisema wanaokataa marashi, wengi wao hukataa na huo.

Alipokifungua, dada aligeuka kutazama mlango. Aligeuka haraka, uso umefunguka, kama mke anayesikia hatua anazozijua. Hapakuwa na mtu. Harufu ya utomvu ilinifikia baadaye kidogo, tamu, nzito, yenye kitu kama karafuu. Daktari hakuona kitu, kwa sababu alikuwa anatafuta mkasi.

Vitambaa vilibandikwa mgongoni safu mbili, vitatu vitatu, vikafunikwa karatasi ya nta na plasta, na kila kimoja kikaandikwa namba kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda. Dada asioge, asiiname, asilalie mgongo, kwa siku mbili. Mama mkwe, aliyekuwa amepiga kambi na mwanawe uani mwa hospitali, alikuja kuchungulia. Aliona miraba ile sita mgongoni mwa mkwe wake, imepangwa safi, akarudi nyuma hatua moja.

"Mumemuchorea makaburi," akaniambia.

Nilimjibu kwa ukali kwamba ni dawa tu. Lakini nilipopita wodini mchana, ukungu ukiwa haujatoka madirishani na dada ameketi wima kitandani amenipa mgongo, nami niliona makaburi. Nilimchukia yule mama kwa kunipa macho yake.

Siku ya tatu daktari alibandua plasta. Aliinama na miwani yake, akainuka, akaguna. Kwao, alisema, ngozi ikikataa kitu huwa nyekundu na mtu huiona kutoka mlangoni. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitokezi, hasa mwanzoni, na macho yake hayakumsaidia. Akanishika mkono, akaniambia nifumbe macho na nisome kwa vidole.

Nilifumba. Mraba wa kwanza ulikuwa laini. Wa pili laini. Wa tatu, wa nne, laini, ngozi ya dada yangu niliyokuwa nikiisugua utotoni tukioga ziwani. Wa tano ulinisimamisha vidole. Ulikuwa umeinuka, moto, umejaa chembe ngumu zilizobanana, na pembe zake nne zilikuwa kamili kabisa, kana kwamba kuna kitu chini ya ngozi kinasukuma mlango kutaka kutoka. Nilipougusa dada alivuta pumzi. Wa sita ulikuwa laini.

"Tano," nikasema.

Daktari alifurahi kama mtoto. Aliniambia nimwambie mgonjwa: ni marashi. Anakutana na marashi mahali fulani, aache, na shingo itapona. Mimi sikungoja hata dada avae. Nilitoka mbio mpaka uani, nikasimama mbele ya mama mkwe na mwanawe, na kwa ulimi wangu huu nikatangaza.

"Ni malashi, mama. Munganga amepima. Haina mutu, haina kifo. Ngozi yake inakataa malashi, ni ile tu."

Nilitegemea watatahayari. Walitazamana. Yule kijana ndiye aliyeuliza, kwa adabu, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Lakini nani anapakaa malashi mu ile nyumba?"

Nikaanza kuhesabu. Mjane hapaki. Nyumba haina mtu mwingine. Nguo zilifuliwa, ziligawanywa. Katika pwani yote ile ya wavuvi alikuwako mwanamume mmoja tu aliyejimwagia marashi shingoni, viganjani na kwenye kola.

"Ni yeye," mama mkwe akasema, na sauti yake haikuwa na ushindi wowote. "Munganga amemupata. Aksanti yenu. Sasa tunajua kweli."

Sijawahi kujiona mjinga kama siku ile. Nilikuwa nimepeleka jambo letu kwa mzungu ili alikanushe, naye, kwa vitambaa vyake na plasta yake, akalithibitisha, na mimi ndiye niliyekimbia kupeleka habari. Tena, niseme ukweli, na mimi niliamini. Nilisimama juani na nikaamini kwamba shemeji yangu anarudi kulala na dada yangu. 

Daktari alitaka kuutazama mraba wa tano mara ya pili baada ya siku mbili, kwa hiyo dada akabaki wodini. Shingo yake ilianza kukauka. Mama mkwe aliliona hilo na hakubabaika: marehemu anaiogopa misheni, akasema, anamngojea mkewe nyumbani. 

Ijumaa mchana nilikwenda Nchelenge kumchukulia dada kitenge safi. Nilikaa mlangoni muda, nikajikaza, nikaingia. Harufu ilikuwapo. Mara hii niliamua kuifuata, kwa hasira zaidi kuliko kwa ujasiri, maana nikiogopa sana mimi hukasirika. Sakafuni haikuwapo. Ukutani haikuwapo. Nilipoinama kitandani ilinipiga usoni. Ilitoka kwenye mto, mfuko wa magunia uliojazwa sufi, na upande mmoja ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mpya.

Nilikata uzi kwa meno. Ndani, limezungukwa na sufi, kulikuwa na shati la shemeji yangu, lile jeupe la Jumapili. Kola ilikuwa imegeuka njano kwa marashi, na harufu yake ilikuwa bado mbichi. Katika mkono wa shati kilifungwa kile kichupa cha Elisabethville, kimebaki robo.

Niliketi pale nikaelewa yote kwa mara moja. Siku ya kufua nguo alikuwa ameficha shati moja. Kila alipolala alilitoa, akajizungushia shingoni, mkono mmoja umepita nyuma na mwisho wake uliokunjamana umetulia begani, na mikunjo ile ndiyo iliyochora mistari minne. Asubuhi alilishonea tena ndani ya mto, na harufu ilipopungua aliongeza tone. Ilikuwa afueni kubwa sana kwangu, nikacheka peke yangu kwa sauti. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu niliona nilipofika.

Kwetu, mjane anayeficha nguo ya marehemu amemwita marehemu kwa mikono yake. Nikionyesha shati, mama mkwe hatasema ni marashi ya chupa. Atasema dada mwenyewe ndiye aliyekifunga kifo mwilini, na mrithi angeingia ndani ya nyumba jioni hiyo hiyo. Nikinyamaza na kulirudisha, dada atalala nalo, alama zitarudi, na mambo yatakuwa yale yale. Nilimwona dada akiingia majini na kitambaa chake cheusi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Niliona njia moja, na ilikuwa kazi niliyoijua kuliko zote.

Nilichukua shati nikaenda nalo ufukoni, mahali penye matete ambapo watu hawaogi. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya hospitali, ile kali ya kuulia wadudu. Nilitupa kichupa mbali kadiri nilivyoweza. Kisha nikafua. Mara ya kwanza harufu ilizidi, ikajaa kote, nikaona aibu kama ninayemwosha mwanamume aliye hai. Mara ya pili mikono ya shati ilijaa hewa chini ya maji, ikainuka, mmoja ukanizunguka kifundo cha mkono na kukaa hapo. Nilijua ni maji. Niliutoa polepole, kidole kwa kidole, nikasema samahani shemeji, nikaendelea. Mara ya tatu lilinuka sabuni tu. Nililianika juu ya matete mpaka likakauka, nikalirudisha ndani ya mto na kuushona kama nilivyoukuta.

Jumamosi daktari aliutazama mraba wa tano, akaridhika, akampa dada ruhusa. Mama mkwe alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alisema dada alale nyumbani kwake siku tatu, na wao watangoja kwa jirani. Mume akirudi, alama zitarudi. Nilikubali haraka sana, na dada alinitazama kwa mshangao.

Siku ya nne tulikusanyika mlangoni. Mama mkwe alimvua dada kitenge cha shingoni, akapitisha vidole vyake vikavu polepole, kutoka sikio mpaka begani, na kurudi. Ngozi ilikuwa safi. Ilikuwa na kivuli cheusi tu pale vipele vilipokuwa. Aliingia chumbani, akavuta pumzi, akatoka. Nadhani ndipo alipomzika mwanawe, kwa sababu alizeeka kati ya kuingia na kutoka.

"Ameenda," akasema.

Alimfunga dada ushanga mweupe mkononi, akamfungua kitambaa cheusi, akamwambia yuko huru, aolewe na amtakaye au asiolewe. Yule kijana alishusha pumzi ambayo nadhani aliibana kwa juma zima. Mimi nilikuwa nacheza ndani ya moyo. Niliwapikia wote ugali na samaki, nikaongea mpaka nikachoka.

Dada hakula. Wageni walipokwenda kufunga mizigo yao, alibaki ameketi, anazungusha ushanga mkononi.

"Ni weye ulifua ile shati yake," akasema.

"Ni miye, yaya. Ilikuwa inakugonjesha. Haukujua."

"Nilijua."

Nilifikiri sikusikia vizuri.

"Tangu siku ya kwanza nilijua," akasema. "Ilikuwa inanichoma pale pale alikuwa ananishika. Nikasema, bon, ichome."

"Sababu gani haukuniambia? Siku zote zile, mbele ya munganga?"

"Ungeifua," akasema.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika, nami ningejibu, maana nina majibu mengi. Aliinuka akaenda kulala, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Asubuhi nilishuka ufukoni kuwaaga wageni. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, mtumbwi unaonekana nusu. Dada alikuja nyuma yangu akiwa na mzigo wake kichwani. Nilidhani ameleta samaki wa kuwapa. Alimpita mama mkwe, akautia mzigo mtumbwini.

"Mwanangu, bushanga iko ku mukono yako," mama mkwe akasema. "Hakuna mutu anakulazimisha."

"Najua, mama. Ninakuja na nyie."

Mama yule alinitazama mimi, kama anayeniomba nimweleze, nami nikamtazama kijana. Siku zote zile alikuwa amevaa fulana na kaptura, kwa sababu ya joto la mchana. Sasa, kwa baridi ya ziwani, alikuwa amevaa koti la kijivu, refu kidogo kwake kwenye mikono. Nililijua koti lile. Lilikuwa la sufu, na sufu hata ukiifua haiachi kirahisi kitu ilichokunywa. Lilikuwa la kaka yake, alilipata kwenye mgao wa nguo.

Nilimshika dada mkono. Nilimkumbusha, kwa sauti ya chini, aliyoniambia njiani, kwamba hawezi, kwamba ataingia majini. Nilimwambia ngozi haisahau, kwamba atakaa na vidonda maisha yake yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wangu, akapanda, akaketi nyuma karibu na yule kijana.

Niliwahi kuambiwa na watu wengi kwamba nilimwokoa dada yangu, na niliwaacha waseme. Nilitaka asilale na mdogo wa mumewe, hilo tu ndilo nililotaka, na njia zote alizokuwa nazo za kukaa peke yake niliziosha kwa sabuni ya hospitali siku moja mchana. Mtumbwi ulisukumwa. Kabla ukungu haujawafunika nilimwona ameinamisha uso kwenye mkono wa lile koti, amefumba macho, na kijana hathubutu kusogea.